Pahali Pisti Iliishia

Siku ya kwanza ku kazi nilishika mire kichwa chini. Ninyi vijana hamujue mire ni nini, basi nieleze: ni ubao murefu kupita muntu mara mbili, imepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na namba juu yake. Mwenye kupima anasimama mbali na lunette, ile darubini ya miguu tatu, anasoma namba, anajua kama butaka inapanda ao inashuka. Kazi yangu ilikuwa kushika ubao isimame sawa, basi. Nilikuwa na miaka tatu tu ya masomo kwa bapadri wa Lukafu, lakini namba nilizijua. Nikaona zote zimeandikwa miguu yulu, kichwa chini. Nikasema moyoni, huyu fundi alilewa. Nikageuza ubao ili namba zisimame vizuri.

Bwana Topografe, mupimaji wetu, muzungu muzee mwenye ndevu zilizogeuka njano sababu ya tumbako, akapiga kelele kutoka mbali: "Weye! Nani alikuambia ugeuze?"

"Namba zilikuwa mubaya, Bwana. Nimezitengeneza."

"Umezitengeneza! Mupe mwenzako mire, ukuje hapa."

Mwenzangu akarudisha ubao vile ilikuwa. Mimi nikaweka jicho ku lunette. Dunia yote ilikuwa imepinduka. Miti ilining'inia kama nyama ku duka, mwenzangu alisimama na kichwa chini kama popo, mbingu iko chini ya miguu yake. Namba peke yake ndizo zilisimama sawa. Kioo cha zamani kilipindua kila kitu, na yule fundi alijua. Nilistaajabu mpaka Bwana Topografe akanivuta na shati.

Kutoka pale nilishika mire miaka mingi. Njia ya Lukafu, kwetu, niliipima na miguu yangu. Mokambo, ku mupaka wa Zambia, nilipanda bornes, nguzo fupi za saruji zenye kuonyesha butaka ya huyu inaisha wapi na ya yule inaanza wapi. Bwana Topografe aliporudi kwabo, lunette nikaishika mimi. Hakuna muntu alinipa diplome. Nilijifunza na macho, na kwa kutukanwa. Balinifanya Shefu wa Ekipi, mukubwa wa kundi la kupima, na hata leo sijaona muntu wa diplome mwenye kunipita ku kusimamisha lunette.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Asubuhi, mbele ya kupakia vyombo ku kamyo, tuliimba na kucheza kwa ajili ya chama, hata bakubwa wenye matumbo. "Bwana" ilikwisha, kila muntu akawa "Citoyen", mwananchi. Shaba ilitoka kwa wingi, na ndege kubwa zikaanza kuleta vyuma vya mashine ya migodi. Mara ya kwanza kuona moja ikishuka ku uwanja wa Lubumbashi, tuliacha vyombo chini wote. Nyumba nzima ilitoka mawinguni, ikagusa saruji, ikapiga moshi ku magurudumu, ikasimama. Muntu wa ekipi yangu alifanya alama ya musalaba. Sikumucheka.

Lakini zile ndege ziliona pisti ni fupi. Pisti ndiyo barabara ya ndege. Amri ikaja: iongezwe, upande wa Naviundu. Na upande ule kuko dembo, bonde pana la majani bila muti hata moja.

Mbele ya kuchukua butaka, kazi yetu ilidai anketi. Unatembea pahali pote, unauliza, unaandika: nani analima, maji iko wapi, makaburi iko wapi. Karatasi ile inataka sinyatire, sahihi za mukono, tatu: ya Enjenya, ya Shefu wa Biro, na ya muntu mwenye alikanyaga butaka na miguu yake. Huyo wa tatu ni mimi.

Tulienda mwezi wa kumi. Majani yalikuwa yameungua, butaka imepasuka kama kisigino. Enjenya, kijana aliyesoma ng'ambo, alitembeza viatu vyake vyeusi katikati ya majivu.

"Shefu wa Ekipi, andika: butaka ya bule. Maji hamuna. Bantu hamuna."

"Bantu beko, Citoyen Enjenya. Beko nyuma yako."

Akageuka. Mama Chola, muzee sana mwenye kulima pale, alikuwa amefika na jembe ku bega, na bamama kama kumi pamoja naye. Jamaa yake ililima pembeni ya dembo ile kutoka wakati reli haikuwa imefika Lubumbashi.

"Yambo, batoto," akasema. Mimi nilikuwa na mvi tayari.

"Yambo, mama."

"Munaandika nini?"

"Kama hapa hamuna maji," Enjenya akajibu.

"Ah. Weye unakuya mu nyumba ya muntu saa ametoka, unaandika nyumba haina mwenyewe?"

Bamama bakapasuka na kicheko. Enjenya akashika kiuno. "Mama, hiyo maji iko wapi? Unionyeshe."

"Iko chini. Inapandaka mwezi wa kwanza. Haiko ya mvua, ile ya yulu. Ni ya chini."

"Maji inapanda? Mama, nilisoma miaka saba, maji inashukaka."

"Miaka saba! Na habakukuambia? Pole, mwanangu."

Hapo nilicheka pamoja na Enjenya, nakubali. Mama Chola akaninyooshea jembe. "Na weye muzee wa lunette, macho yako inafanya kazi? Hesabu bichuguu vya katikati ya dembo."

Nikatazama. Katanga yetu, bichuguu vya muchwa ni birefu kama nyumba. Miaka yote nilivitukana, sababu vilinizuia kuona mire. Katikati ya dembo hamukuwa hata kimoja. Vyote vilisimama pembeni, vimezunguka bonde kama bantu bamezunguka moto.

Nikasimamisha lunette. Nikamutuma mwenye mire ku muguu wa kichuguu cha kwanza, nikasoma, nikaandika. Cha pili. Cha tatu, ng'ambo ya dembo. Namba ilikuwa ileile, tofauti haipite upana wa mukono. Nikafikiri nimekosa, nikarudia vyote. Ileile. Muchwa, mududu bila macho, alikuwa amepima dembo nzima na kupiga mustari sawa kuizunguka, pahali maji haimufikie, na mimi nilikula jasho maisha yangu yote kutafuta mustari kama ule. Nilivua kofia. Sikujua ninamuvulia nani.

"Citoyen Enjenya, maji itafika hapa."

"Nani alikuambia? Muchwa?"

"Muchwa."

Kesho yake Shefu wa Biro aliniita ku ofisi yake. Karatasi ilikuwa tayari imepigwa ku mashine: butaka ya bule, maji hamuna, bantu hamuna. Kwa sinyatire yangu, jamaa ya Mama Chola ingefukuzwa kama bantu bale habakuwako hata siku moja.

"Ulisoma mpaka wapi?" akauliza.

"Mwaka wa tatu, Citoyen Shefu."

"Na unataka kumufundisha Enjenya?"

"Hapana. Lakini sitie jina langu ku kitu yenye sikuona. Ningoje mwezi wa kwanza."

Akafungua tiroir, sanduku la meza yake, akatoa barua, akaiweka karibu na karatasi ile. Nilisoma polepole. Ilikuwa ya kunipandisha kuwa Topografe. Topografe! Jina la yule muzungu muzee. Niliitamani kutoka siku nilipoweka jicho ku lunette yake.

"Kalamu ni moja," akasema. "Weye unaanza, mimi namalizia."

Nikamurudishia kalamu. Nikasema, "Mwezi wa kwanza, Citoyen Shefu." Akarudisha barua mu tiroir, akaisukuma na goti.

Dosye, karatasi zote za pisti, ikalala bila sinyatire yangu. Enjenya hakukasirika, alikuwa na kiburi lakini hakuwa muntu mubaya. "Mashine za kujenga pisti zingali ku migodi bado," akaniambia. "Tutaenda pamoja mwezi wa kwanza, nikucheke vizuri." Nikapanda piketi, vijiti vya kupimia, moja ku muguu wa kila kichuguu.

Tulienda siku ya jua. Mvua ilikuwa imesimama siku tatu, njia imekauka, vumbi inaruka. Kwa mbali dembo ilikuwa majani mabichi tu. Nikatia muguu, maji ikanifika ku goti. Safi, baridi, unaona vidole vyako. Haikutoka popote, hamukuwa mutoni wala mufereji. Ilitoka chini. Mu shimo tulilochimba mwezi wa kumi kuangalia udongo, ilichemka kama chungu, na kila pahali mapovu madogo yalipanda kati ya majani, bila sauti, kama butaka inapumua. Ilifika ku piketi zangu zote. Haikupita hata moja.

Enjenya alivua viatu vyake vyeusi, akaviweka yulu ya kichuguu, akaingia. Akainama, akatia mukono mu maji. Kisha akasema polepole, "Tungeweka pisti hapa. Ndege inashuka, na bantu ndani…" Akatoka mu maji, akapanda pembeni, mu mashamba.

"Weye! Unakanyaga maboga yangu!" Mama Chola alikuwa pembeni, analima.

"Pole, mama."

"Na maji? Inashuka ao inapanda?"

"Inapanda, mama."

"Bon. Sasa toka mu maboga."

Enjenya akafungua dosye ku kapo ya jeep, yulu ya injini, akapasua karatasi ya zamani, akanipa mupya. "Andika weye. Weye uliona." Hakuna muntu alikuwa amenipa kuandika karatasi ya serikali. Nikaandika: *Hapa kuko maji na bantu. Pisti isifike.* Ilinichukua muda kama wa kuvuta sigara mbili. Nikaweka sinyatire yangu, na Enjenya akaweka yake chini ya yangu.

Shefu wa Biro aliweka ya tatu bila kuniangalia. Pisti iliongezwa mpaka karibu ya bichuguu, ikasimama, fupi kuliko vile bakubwa balitaka. Mimi nilirudishwa Mokambo kupanda bornes mu jua. Barua ile sikuiona tena. Nilitoka ku kazi Shefu wa Ekipi, na ku karatasi ya pansheni iliandikwa vile. Vijana wakiniita Topografe kwa heshima, ninabakatalia. Sikupewa jina lile, siwezi kuliiba.

Ninyi muko na vyombo vinavyosoma butaka kutoka mbinguni. Ni vizuri. Lakini muende mara mbili, kiangazi na masika, na muulize mwenye jembe.

Mama Chola alikufa. Bajukuu yake banalima palepale. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, napanda baisikeli mpaka kule pisti inaishia. Ndege inapita yulu ya kichwa, majani yote yanalala, kisha yanainuka. Maji inapanda, inafika ku bichuguu, inasimama, na hakuna muntu aliyeiamuru. Muntu mwenye alipima maisha yake yote, mimi pale sipime kitu. Naangalia tu.