Malengelenge Tumboni mwa Boti

Jina lake nalijua, la baba yake nalijua, hata la mtumbwi wake wa kwanza, ulioingia maji siku ile ile ya kuushusha, nalijua. Siyaandiki. Akisomewa atajitambua. Ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, fundi wa mitumbwi ya mbao hapa Bangwe.

Boti yangu ni ya faiba. Binti yangu ndiye aliyeniletea, nami huenda nayo Ilagala kuchukua mawese, pamoja na wanawake wenzangu wa hapa mtaani. Siku nilipoipata niliacha kupanda mtumbwi wa shemeji, na hilo hakunisamehe. Boti aliiita beseni. Beseni likipasuka, alisema, nitarudi kwake kuomba nafasi ya kukaa.

Kiangazi kimoja tukaipandisha mchangani kuisugua. Ilikuwa imekaa majini miaka bila kupumzika, kwa sababu hapa kwetu chombo hakikaushwi. Ubao ukipigwa na jua unasinyaa, mishono inafunguka, unabaki na chekecheke. Mimi niliyekulia kwenye mbao sikujiuliza faiba ina mshono gani. Tulipoipindua, tumbo lote lilikuwa malengelenge. Mengine kama punje ya mahindi, mengine kama kifuniko cha soda.

Shemeji akaja bila kuitwa. Akapapasa, akasema nipake rangi, kesho irudi majini. Nikachukua sindano ya kushonea magunia, nikatoboa lengelenge moja. Yakaruka maji ya kunata, yananuka kama siki.

"Boti si mguu wako, shemeji," akasema.

"Na mguu wako ukitunga usaha, unaupaka rangi?"

Waliokuwa wanaanika dagaa wakacheka. Nilimfanya achekwe mbele ya watu wake, najua. Sijutii.

Fundi mmoja wa vyombo, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka pwani, ndiye aliyenieleza. Maji yamepenya rangi ya juu, yamejificha ndani ya faiba. Toboa yote, kwangua mpaka ukute pazima, osha kwa maji safi, halafu kausha. Ukiziba pana unyevu, yatarudi. Akanifundisha na namna ya kupima: bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zake zote kwa gundi, asubuhi tazama. Ikitoa jasho, bado.

Nikatoboa kwa mkono wangu, mgongo ukiniuma, nikakwangua, nikaosha, nikabandika nailoni. Asubuhi ikatoa jasho. Wiki ya pili, jasho. Jua linapasua midomo, mchanga unaunguza nyayo, boti yangu inatoa jasho kama mlevi. Mwezi ukaisha. Wenzangu wakaanza kwenda Ilagala na mtumbwi wa shemeji, naye akipita ananipungia mkono. Mvua zilikuwa hazipo mbali. Zikinikuta sijaziba, ndiyo basi, nitapanda mtumbwi wake kwa kumwomba.

Siku moja nilitoka kwenda kwa dada yangu Katubuka, njiani nikakumbuka nimeacha dawa zake nyumbani, nikarudi. Nikamkuta shemeji mchangani na ndoo yangu. Anachota ziwani, anaimwagia boti yangu, taratibu, toka mbele mpaka nyuma, kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Pembeni kaweka magunia mabichi ya kuifunika.

Nikamwuliza ameanza lini.

"Tangu siku uliyoipindua, kila ukitoka. Umeiacha juani ife. Kaka angekuwepo asingekubali."

Nilitaka iwe husuda tupu, nimalizane naye. Lakini mwenye husuda angeitoboa usiku mmoja yakaisha; huyu alikuwa anachota maji kila siku kwa mgongo wake mbovu. Alikuwa ananichukia mimi, boti anaihurumia. Hilo liliniudhi kuliko husuda.

"Shemeji, umenilia mwezi mzima wa kiangazi," nikamwambia. "Boti hii ikifa, wewe ndiye umeiua. Weka ndoo chini."

Hakuiweka. Nikaichukua mkononi mwake nikamwaga maji miguuni pake.

Siku hiyo hiyo nikatafuta wanaume wanane, wakaibeba boti kupandisha nayo mpaka uani kwangu, mbali na ziwa. Watu wakatoka nje kutazama. Mmoja akaniuliza, "Bibi, unakwenda nayo Kasulu kusiko na ziwa?" Jina lake nalo nalijua.

Nailoni ilikuja kukauka mawingu yakiwa yameshasimama juu ya milima ya Kongo. Tukaziba kwa resini na puti, tukapiga msasa, tukapaka rangi, na boti ikashuka majini mvua ya kwanza ikitunyeshea vichwani. Wenzangu walirudi mmoja mmoja, macho chini. Niliwapokea, ila wa kwanza kunikimbia nilimkalisha nyuma, kwenye moshi wa injini.

Sasa kila kiangazi boti inalala uani. Shemeji akipita hanipi hata salamu ya mwakeye, wala mimi simpi. Anasimama nje ya ua, anaitazama imepinduliwa juani, anatikisa kichwa kama aliyefika msibani. Namwacha atikise. Nikitoka kwenda Katubuka, naifungia ndoo chumbani.