Roboti Yenye Mikono Miwili ya Kushoto

Nauza viatu vya mitumba Majengo, hapa Sumbawanga, na roboti yangu ya kwanza ilitoka ndani ya robota. Wateja wangu hucheka nikisema hivyo, wanadhani nacheza na maneno, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikata kamba za robota la viatu vya watoto, nikaanza kutafuta jozi, na ndani ya buti moja la mvua nikakuta roboti ya plastiki ya rangi ya zambarau, kichwa cha mraba, kifuani ina milango miwili ya kuchorwa tu, isiyofunguka. Nikaipeleka nyumbani Kizwite niwape wanangu. Hawakuitaka. Nikaiweka dirishani jikoni, na kila nilipoosha vyombo nikawa naitazama, mpaka nikagundua kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa ya kushoto. Vidole gumba vyote vilielekea upande mmoja.

Jambo hilo halikuniacha nikae. Nikaingia kwenye simu, nikatafuta picha, nikasoma kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, hadi nikaelewa. Zamani Wajapani walitengeneza roboti ya bati ambayo milango yake ya kifuani ilifunguka ikatoa bunduki. Ikapendwa. Kiwanda kingine, cha nchi gani hakuna ajuaye, kikaichukua roboti hiyo, kikatengeneza kalibu kwa kuigandamizia, kikamimina plastiki. Milango iliwashinda, wakaichora. Na ili kupunguza gharama walitengeneza kalibu ya mkono mmoja tu, wakautumia pande zote mbili.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuzitafuta roboti feki. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, aliniuliza kwa nini nisikusanye zile za kweli, maana nilikuwa nimeshazifahamu. Nikamwambia za kweli zina vitabu vyake na watu wa kuzitunza. Feki hakuna aliyeiandika wala kuitunza, kwa hiyo ukiipata unaanza nayo mwanzo, unaisoma mwilini. Akanitengenezea kabati lenye vioo.

Wauza mitumba wenzangu walizoea. Mtu akikuta roboti ndani ya robota lake, ananiwekea. Nyingine zilinifikia kutoka Zambia, zikiwa zimefungwa pamoja na sufuria na vitenge. Siku hizi mkono wangu peke yake unatosha kunieleza. Plastiki ikipoa hunywea, kwa hiyo feki ni ndogo kidogo kuliko mama yake, na feki iliyonakiliwa kutoka kwa feki ni ndogo zaidi, na uso wake umefifia kama sabuni iliyotumika. Nina ya kijani ambayo kwenye boksi jina lake limekosewa. Nina nyingine iliyopewa kichwa cha mwenzake. Kuna watu wa nchi mbalimbali tunaoandikiana kwenye simu kuhusu mambo haya, na wakikwama wananiuliza.

Mwaka juzi rafiki yangu anayeuza migebuka sokoni alirudi kutoka Kasanga, ziwani, alikokwenda kuchukua samaki, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. Alisema ameingia kwa bibi mmoja mjane kuomba maji ya kunywa, na juu ya rafu, pembeni ya picha ya Bikira Maria, ameona roboti ya bati yenye vidole gumba vinavyoelekea upande mmoja, kama ile ya kwangu. Nikamwambia haiwezekani. Mikono miwili ya kushoto ilikuwa kosa la kiwanda cha plastiki. Roboti za bati zilikuwa na mikono yake sawasawa. Akasema yeye hajui habari za viwanda, anajua alichokiona.

Jumamosi iliyofuata nikafunga roboti ya zambarau kwenye kanga, nikapanda basi. Ukitoka Sumbawanga unavaa sweta, na ukiteremka kwenda ziwani unalivua njiani. Nilifika Kasanga nikiwa nimelifunga kiunoni, jasho linanitoka.

Bibi alikuwa akianika dagaa mbele ya nyumba yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nilipomweleza nilichofuata, aliendelea kutandaza dagaa, akasema, "Haiuzwi."

Nikamjibu kwamba naomba kuiona tu. Nikafungua kanga nikamwonyesha ya kwangu. Aliishika, akaigeuza, akagusa vidole gumba vyake kimoja baada ya kingine. Akaniambia niingie ndani.

Ilikuwa kama rafiki yangu alivyosema. Bati tupu, lililopakwa rangi ya fedha, kichwa cha mraba, milango ya kifuani imechorwa kwa rangi nyekundu, na mikono yote miwili ya kushoto. Niliziweka mbili hizo mezani, moja pembeni ya nyingine, nikazigeuza migongo. Mshono wa mgongoni haukuwa wa mashine. Ulikunjwa kwa nyundo ndogo, ukashikizwa kwa risasi ya kuyeyusha, kama vibatari vya mafuta ya taa vinavyotengenezwa. Huyu hakuwa mama wa roboti yangu, alikuwa mtoto wake. Fundi fulani alikuwa na roboti ya plastiki mbele yake, akainakili kwa bati, na akanakili hata kosa. Mtu anayekata bati kwa mkasi hakosi njia ya kukata mkono wa kulia. Aliuona wa kushoto, akadhani ndivyo roboti zilivyo.

Bibi akaniambia mume wake, aliyekuwa akipeleka mizigo kwa boti ng'ambo, Kongo, ndiye aliyeileta watoto wao walipokuwa wadogo. Ilikuwa ikitembea zamani, ukiitia ufunguo mgongoni. Springi ilikatika, ikawa pambo. Nikamwomba aniruhusu niitazame ndani, kwa kuwa nilikuja na bisibisi zangu. Akaruhusu, akavuta kigoda akakaa karibu.

Nilipofungua mgongo, mwanga uliingia ndani na nikaona rangi ya njano, maandishi, na nusu ya mchikichi uliochorwa. Lilikuwa kopo la mafuta ya kula, limegeuzwa ndani nje. Mume wake alikuwa amefariki, na mimi nimekaa sebuleni kwake nimeushika ukweli wa zawadi yake kwa bisibisi.

"Umeona mchikichi," bibi akasema.

Nikamjibu ndiyo.

"Mimi niliuona mwaka ule ule, nilipokuwa naifuta vumbi, kwenye tundu la ufunguo. Yeye alituambia amenunua kwa baharia wa Kijapani." Akacheka kidogo. "Mjapani gani anapita ziwa hili? Lakini alikuwa ameahidi watoto roboti kutoka Japani, na pesa hakuwa nayo. Akatafuta fundi huko, akasimama naye mpaka ikafanana. Sikumwambia kwamba najua. Mtu akihangaika hivyo kwa ajili ya watoto wako, unamwachia uongo wake."

Nikamwambia kwamba katika miaka yote ya kukusanya sijaona nyingine kama hiyo, wala sidhani ipo. Hakushangaa.

Nilirudi tena na springi niliyoitoa kwenye saa ya mezani iliyokufa. Nikaikata, nikaipachika, nikamwachia bibi mwenyewe atie ufunguo. Roboti ilitikisika, ikainua mguu, ikatembea kwenye sakafu ya saruji ikilia kama cherehani. Bibi aliiangalia mpaka iliposimama. Kisha akaniambia niandae chai, yeye akatia ufunguo tena.

Mwaka jana akanipigia simu. Mtoto wake mkubwa alikuwa amepata mnunuzi mjini na alitaka kuiuza. Bibi alisema ndani ya nyumba yake hataweza kuizuia siku zote, bora ikae kwangu. Lakini alikuwa na sharti lake: nimpelekee ile ya zambarau, ya plastiki, vitukuu wake wapate ya kushika na kuangusha.

Mume wangu aliniuliza kama nina hakika. Ilikuwa roboti yangu ya kwanza, na ukiacha ile ya bati, ndiyo adimu kuliko zote nilizonazo. Nilikuwa na hakika. Nikaifunga kwenye kanga ile ile nikashuka nayo Kasanga, na kabla sijamaliza kusalimia, kitukuu mmoja alikwisha kukimbia nayo mchangani.

Niliweka picha za roboti ya bati kwenye kundi letu, za nje na za ndani, na mchikichi ukionekana vizuri. Bwana mmoja mwenye mkusanyiko mkubwa akaandika kwamba hiyo haistahili kuitwa roboti ya kukusanywa, ni kopo la mafuta. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni kopo la mafuta, na kwamba namfahamu aliyeliagiza, kwa nini aliliagiza, na nani aliligundua. Nikamuuliza kama anaweza kusema hivyo juu ya hata moja kati ya zake. Wengine wakaanza kuniuliza maswali ya maana.

Mwezi uliopita bibi alipanda Sumbawanga kupimwa macho, akafikia kwetu. Alilalamikia baridi tangu alipovuka mlango, akakaa mezani na koti la mume wangu mabegani. Baada ya chakula aliomba aletewe roboti yake. Akatia ufunguo, akaisimamisha katikati ya vyombo. Ilitembea ikipita bakuli la mboga, ikaukanyaga ugali wa ulezi uliobaki na kuzama humo hadi magotini, mashine bado inalia.

"Iache," bibi akaniambia nilipotaka kuitoa. "Tuone kama itatoka yenyewe."