Maji ya Kunawa

Mwalimu wa mazingira katika shule yetu hapa Lodwar hanawi mikono ila juu ya mche. Chakula nilichompakulia jikoni mwa shule kipoe tu. Yeye yuko nje na kikombe cha maji, anatafuta mwarobaini wenye kiu. Watoto wa mjini, waliozoea mfereji, walikuwa wakimcheka. Juzi alirudi mbio kutoka Kakuma, baada ya kusikia kwamba mfereji umekauka siku nne. Hata salamu yangu ya "ejok" hakuiitikia. Alipiga magoti penye miche, akachomeka kidole udongoni. Udongo ulikuwa na unyevu.

"Nani alimwagilia?"

"Hakuna mtu, mwalimu," akasema Ebyan wa darasa la nne, chupa ya maji ya nyumbani mkononi. "Sisi tulinawa tu."

Mwalimu akakaa chini, kidole bado kimo udongoni, akacheka. Ndipo aliponigeukia.

"Ejok, mama."