Mbele ya Lori la Ufagio

Wafagiaji wenzake walimwita Mama Mbona, na jina lilimkaa vizuri kuliko kizibao cha kazi. Mbona daktari anaangalia ulimi wakati mtu anaumwa goti? Mbona walevi hupoteza kiatu kimoja, si viwili? Hili la viatu lilimshughulisha hasa, maana kila alfajiri alikuwa anaviokota kimoja kimoja kando ya barabara, na hakuna aliyewahi kumpa jibu la maana. Mumewe, fundi wa lifti, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi, alishajifunza kuitikia "sijui, mke wangu" kabla swali halijaisha.

Lakini swali moja lilikuwa limemkaa rohoni miaka mingi, nalo lilihusu migongo ya watu.

Kila majira ya machipuko, miti ya barabarani inapoanza kutoa majani mapya, jiji lilifunga barabara zake kwa ajili ya marathoni. Maelfu walikimbia kilomita arobaini na mbili, wengine kwa mbio, wengine kwa kudra. Nyuma ya mkimbiaji wa mwisho ndipo kazi ya akina Mama Mbona ilipoanzia. Wao walitangulia na fagio wakisukumia takataka katikati, lori la ufagio likafuata likinyonya na kumwaga maji, kisha barabara ikarudishiwa magari. Mkimbiaji aliyefikiwa na lori, mbio zake zimeisha. Anapanda kando, kwenye njia ya waendao kwa miguu, na kuondoka zake kama mtu aliyetoka dukani.

Basi Mama Mbona aliijua marathoni kwa kisogo tu. Aliwaona wa mwisho wakichechemea mbele yake, wameshika kiuno, wameshika ukuta. Na kila mwaka, wakishaukaribia mstari wa kumalizia, mabega yao yalianza kutikisika. Walikuwa wanalia! Watu wazima na akili zao, wenye saa za bei mbaya mkononi, wanalia kwikwi hadharani. Kwa nini? Uchovu? Yeye alichoka kila siku ya Mungu na hakulia. Medali? Bati lenye utepe. Kila wafagiaji walipofika mstarini, wenyewe walishaondoka, na kilichobaki ni maganda ya ndizi.

"Kuna kitu pale mbele," alimwambia Bi Taratibu, mfagiaji mwenzake, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajapata kuharakisha ufagio tangu aajiriwe. "Wanakikuta, na sisi tunafika kimeshaondoka."

"Labda ni jua," alisema Bi Taratibu.

"Jua halichagui watu wa kuliza."

Mwaka huo idara ya usafi ilipewa nafasi moja ya bure kwenye mbio, na kabla tangazo halijabandikwa vizuri ukutani Mama Mbona alikuwa ameshainyakua. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanamke wa makamo, mnene wa nyonga, aanze leo kukimbia! Yeye hakujali. Akitoka zamu alizunguka uwanja wa malori, raundi baada ya raundi, huku madereva wakimpigia honi. Mumewe alimkandia miguu na kulalamika, "Mimi kazi yangu ni kuwapunguzia watu ngazi. Mke wangu anatafuta za ziada."

Msimamizi wa zamu, mwanamume mkavu asiyecheka bila sababu ya kiofisi, alimwita pembeni. "Nisikilize, mama. Lori linakwenda kwa uchafu. Penye uchafu linasimama, pasipo uchafu linatembea. Ndiyo kanuni, na siwezi kuipinda kwa ajili yako. Tukikufikia, unapanda kando."

"Ukinipendelea sitakusamehe," alijibu Mama Mbona. Na alimaanisha. Akifikishwa pale kwa hisani, atajuaje kama alichokikuta ndicho wanachokikuta wenzake? Alikuwa tayari kushindwa kwa haki, ingawa wazo la kupandishwa kando, na swali lake likabaki barabarani, lilimkosesha raha.

Siku yenyewe ilikuwa na baridi nyepesi na upepo wa kuchezea. Alianza vizuri. Mwanzoni alikimbia ameubana ukingo wa barabara, mpaka mzee mmoja aliyevaa soksi nyekundu akamuuliza kama anamkimbia mtu. Kumbe mazoea! Siku za kawaida katikati ya barabara ni pa magari, mfagiaji hana biashara huko. Alisogea katikati kwa woga kidogo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona majengo aliyoyafagilia miguu yakiwa na madirisha ya juu mazuri kweli. Alifurahi waziwazi, akacheka peke yake.

Kisha zikaja meza za maji. Wakimbiaji walinyakua vikombe vya karatasi, wakanywa mafunda mawili, wakavitupa chini. Mkono wa Mama Mbona haukumwomba ruhusa. Aliinama, akaokota. Akaokota kingine. Akavipachika kimoja ndani ya kingine, akaendelea kukimbia, akainama tena. Watu wa kando wakadhani ni kampeni ya mazingira, wakampigia makofi. Sifa nazo tamu, basi akazidisha. Meza baada ya meza, mzee wa soksi nyekundu alishapotea mbele, na Mama Mbona bado anainama na kuinuka, wale wachache waliobaki nyuma wanampita mmoja mmoja. Mnara wa vikombe ulimfika kidevuni.

Hakuna aliyebaki nyuma yake aliposikia sauti anayoijua kuliko sauti ya mumewe: brashi za lori zikikwaruza lami.

"We Mama Mbona!" Bi Taratibu alipaza sauti, ufagio begani. "Kwani umetumwa kutumalizia kazi? Tunakuja tu kama watalii, hakuna hata cha kufagia!"

Aligeuka. Kweli, nyuma yake barabara ilikuwa safi, kitu cha kupendeza macho, na lori lilikuwa linatembea bila kusimama kwa sababu hapakuwa na la kulisimamisha. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa amelisafishia njia. Mbele, mwisho wa barabara ndefu, bango la kumalizia lilionekana. Kipaza sauti cha lori kikakoroma. "Mkimbiaji," alisema msimamizi kwa sauti ambayo haikumfurahisha hata yeye, "tafadhali jiandae kupanda kando."

Mama Mbona aliuangalia mzigo mikononi. Tangu avae kizibao cha kazi hajawahi kudondosha hata njiti ya kiberiti barabarani, na aliwahi kumfokea padri kwa ganda la peremende. Akafumba macho. Akatupa vyote juu.

Upepo ulivipokea kwa furaha. Vikombe vilitawanyika barabara nzima, vikabiringika huku na kule mbele ya lori, vingine vikajificha chini ya magurudumu. Wafagiaji walipigwa na butwaa, halafu wakaangua kicheko. Msimamizi aliteremka, akatazama uchafu ule kwa muda mrefu.

"Penye uchafu linasimama," alisema hatimaye. "Fagieni."

Bi Taratibu akaanza kufagia kwa mwendo wake. Hapo hapakuwa na upendeleo wowote, hajui mwendo mwingine.

Mama Mbona alikwenda. Miguu ilishakuwa ya mtu mwingine, lakini macho aliyakodoa, asije akapitwa na kitu chenyewe. Mstarini walikuwa wanabomoa. Wanaume walibeba vyuma vya uzio kuelekea kwenye gari, na mama aliyekuwa akigawa medali alishavaa koti la kurudi nyumbani. Aliangalia bango, akaangalia meza, akaangalia chini. Hakuona kitu. Ndipo mmoja wa wale wanaume alipomwona, akatua chuma chake.

"Ngojeni," aliwaambia wenzake. "Kuna mtu anakuja."

Wote wakaacha kazi. Mama wa medali akaweka mkoba chini na kurudi mstarini. Wakasimama wanamtazama usoni, watu asiowajua hata mmoja, hawana haraka wala la kumtuma. Kwenye barabara hiyohiyo watu walikuwa wakimzunguka kila siku kama wanavyozunguka nguzo ya taa. Mabega yake yakaanza kutikisika.

Mumewe alimpokea ng'ambo ya mstari, amepauka kwa hofu. "Umeumia wapi?"

"Siumwi."

"Sasa unalia nini?"

"Walikuwa wananingoja," alisema Mama Mbona. "Mimi."

Alikuwa bado amekaa pale ukingoni, medali shingoni na viatu pembeni, lori lilipowasili. Bi Taratibu alimjia moja kwa moja.

"Haya sema. Kuna nini?"

"Kuna watu. Hawakujui, na wanakungoja ufike."

"Basi?"

"Basi."

Bi Taratibu aliwageukia wale wanaume, waliokuwa wamesharudia vyuma vyao. Mmoja alikuja upande wake akiwa na mzigo begani, akamwambia apishe bila kumtazama. Akapisha. Akaegemea ufagio wake, akautazama mstari kitambo.

"Hata mimi," aliuliza, "wangeningoja?"