Aliyelinda Jina la Hebblestow

Norris Hebblestow alikuwa na mwiko mmoja, naye aliuchapisha kila mwaka kwenye ukurasa wa kwanza wa kijarida cha ukoo wake: lisiloonekana kwa macho katika kitabu cha kanisa au cha serikali, haliandikwi. Kwa miaka kumi na mmoja aliwakaripia wenzake kwa mwiko huo. Yeye mwenyewe aliuvunja mara moja tu, tena kwenye ukurasa uleule wa kwanza.

Alikuwa tarishi huko Crosdale, mji wa viwanda vya sufu katika mabonde ya Yorkshire. Miaka thelathini na minne alipeleka barua mlango kwa mlango, za akina Smith na akina Taylor zisizo na idadi, na hata siku moja hakukutana na bahasha yenye jina lake isipokuwa zile za nyumbani kwake. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Alipostaafu mwaka 1977 alianza kuwatafuta wenzake katika vitabu vya simu vya Uingereza nzima, akapata watu thelathini na mmoja. Katika sensa ya miaka mia moja nyuma walikuwa zaidi ya tisini. Jina lilikuwa linakatika. Yeye alizaa mabinti wawili, na wote walikwisha kuolewa wakachukua majina ya waume zao. Ndiyo maana kila barua aliyowaandikia jamaa aliimalizia kwa swali lilelile: mna watoto wa kiume?

Maana ya jina aliijua. Katika maneno ya kale ya mabonde yale lilimaanisha mahali penye ubao wa kuvukia kijito. Ni jina la wakulima na wachunga kondoo, na halina ubaya wowote. Lakini Norris hakuridhika na ubao. Siku moja, katika kibanda cha soko kwenye mji wa pwani, alinunua karatasi yenye muhuri mwekundu, yenye picha ya ngao na mwewe watatu, na habari za shujaa mpanda farasi aliyevuka bahari kutoka Ufaransa pamoja na jeshi la mfalme akaanzisha ukoo wa Hebblestow.

"Norris," mkewe Enid alimwambia, "huyo bwana wa kibanda ameniuzia na mimi shujaa wa ukoo wa kwetu. Wamefanana hata pua."

Norris hakucheka. Alimchapisha shujaa wake kwenye ukurasa wa kwanza wa kijarida, akawachapisha mwewe kwenye vitambaa vya kufutia vyombo, akashona na bendera. Kila Juni, ukoo ulipokutana katika ukumbi wa kanisa, bendera ile ilitundikwa juu ya meza ya chai.

Juni ya mwaka 1988 walikuja watu ishirini na wawili, karibu wote wenye mvi. Walikuwa wamekwisha kuanza mikate ya nyama ya nguruwe pale mlango ulipofunguliwa, akaingia mama mmoja mnene mwenye bati la keki, na nyuma yake vijana wawili warefu.

"Ninyi ndio akina Hebblestow?" aliuliza kwa sauti iliyojaa ukumbi. "Mungu wangu! Nilidhani ni sisi peke yetu tuliolaaniwa na jina hili. Nikijitaja kwenye simu, watu wananiambia pole!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Aliitwa Maureen, mfungashaji samaki kutoka Hull, na alikuwa amesoma tangazo la Norris gazetini. Vijana walikuwa wanawe, Craig na Dean. Norris aliwatazama, moyo ukamruka. Wanaume wawili, wa miaka ishirini na kitu, wenye jina! Alifungua jalada lake hapohapo.

"Babu yako alizaliwa wapi, dada?"

"Huyu hapa." Maureen alitoa picha kuukuu. "Albert. Alizaliwa katika nyumba ya maskini, mwaka 1894. Mama yake alikuwa mtumishi wa ndani, Hebblestow huyo. Baba hajulikani. Na hawa wangu, baba yao anajulikana, ila heri asingejulikana!"

Watu wakacheka tena. Norris aliweka kalamu chini.

"Basi nasikitika, mama. Ukoo hufuata baba. Jina lenu ni la kuazima. Siwezi kuwaandika."

"La kuazima?"

"Mzee," Craig alisema polepole, "tumeitwa hivi tangu tuzaliwe. Shuleni tumepigwa kwa ajili ya jina hili."

Hapo Norris angeweza kunyamaza. Badala yake alinyoosha kidole kwenye bendera, mbele ya watu wote, akasema, "Damu ya shujaa yule haikupitia nyumba ya maskini."

"Norris!" Enid alimkemea.

Maureen aliichukua picha ya babu yake, akaifuta kwa mkono wa sweta ingawa haikuwa na vumbi. Bati aliliacha mezani.

"Kuleni tu," alisema. "Keki haina ukoo."

Wakatoka. Hakuna aliyewafuata. Na keki ililiwa.

Mwezi wa Oktoba Norris alikwenda kwenye nyumba ya kumbukumbu za wilaya kutafuta ushahidi wa shujaa wake. Alisoma vitabu vya ubatizo vya Crosdale kurudi nyuma, mwana hadi baba, hadi akafika Januari ya 1741. Kasisi wa siku hizo alikuwa ameandika hivi: Kitoto cha kiume, kimeokotwa chini ya ubao wa Hebblestow. Wazazi hawajulikani. Kimebatizwa John, kikapewa jina la mahali kilipookotwa.

Nyuma ya John hapakuwa na Hebblestow mwingine. Mbele yake walikuwa wote, Norris akiwamo. Alikaa pale mpaka mtunza vitabu alipomwuliza kama anaumwa. Masikio yalimwaka. Alikuwa akisikia sauti yake mwenyewe ikisema neno "kuazima".

"Mwandikie yule mama," Enid alisema jioni ile.

"Nitamwandikia."

Hakuandika. Aliifungia nakala ya ukurasa ule kabatini miezi mitano, na kila alipokutana na jamaa yeyote alitazama viatu vyake. Aibu iliyo njema humpeleka mtu kwa aliyemkosea. Ya Norris ilikuwa bado ni kiburi: aliwaogopa wale ishirini na wawili kuliko alivyomhurumia yule mmoja.

Machi alipanda treni kwenda Hull. Maureen alimkaribisha jikoni, akabandika birika bila kutabasamu. Norris aliweka karatasi mezani. Maureen aliisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Maskini, kitoto hicho," alisema. "Januari! Na baridi yote ile."

Norris aliinamisha kichwa. Kwa miezi mitano alikuwa ameufikiria ukurasa ule kila siku, na hakuwa amekifikiria kitoto hata mara moja.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilikukosea mbele ya wanao. Nataka niwaandike, tena kabla ya mtu mwingine yeyote."

"Umechelewa, bwana. Wiki ileile wanangu walikwenda kwa wakili wakalibadili jina. Sasa ni akina Stamper, jina la baba yao, mlevi yule. Nilimwambia Craig, mwanangu, huyo mtu alitukimbia. Akanijibu, afadhali aliyetukimbia kuliko aliyetufukuza."

"Nikizungumza nao je?"

"Utawakumbusha tu. Dean ana mtoto tayari, wa kiume. Albert Stamper." Alimsogezea kikombe. "Kunywa chai yako, treni haikungoji."

Juni iliyofuata Norris aliishusha bendera kwa mikono yake, akausoma ukurasa wa kasisi mbele ya ukoo, kisha akawaeleza alivyomtendea Maureen. Binamu yake Harold alisimama, uso umemwiva.

"Tarishi ni tarishi! Miaka yote hii ulituletea barua ya uongo, na leo unatuletea ya matusi!"

Mwaka uliofuata walikuja watu sita.

Alifariki mwaka 1997. Wakati huo wenye jina la Hebblestow walikuwa wamebaki kumi na mmoja, na hakuna aliyekuwa chini ya miaka hamsini. Craig na Dean walizaa watoto watano, watatu wa kiume. Hakuna hata mmoja anayeitwa Hebblestow.