Kijiwe cha Sikio la Sangala

Juzi, kwenye televisheni, mtaalamu alionyesha vijiwe vya masikio ya samaki vilivyochimbwa ardhini. Alisema kwa umbo la kijiwe tu wataalamu wanatambua aina ya samaki iliyokwisha kutoweka duniani.

Nikakumbuka mchana mmoja Kasulu. Mama hakuwa amesema neno tangu tulipovuka kutoka Burundi bila baba. Jiko lilinuka moshi na sangala wa Kigoma. Nikila kichwa chake, nikang'ata kijiwe cheupe.

“Ni cha sikioni,” shangazi akaniambia. “Ndicho anachosikilizia.”

Nikadhani mama amepoteza chake. Nikakiosha, nikamwekea sikioni, nikamwita. Hakugeuka, wala hakukitoa. Aliendelea kuchambua maharage, nami nikarudi kula.

Leo najua kwamba alinisikia.