Chaji ya Kikundi cha Salfa

Shule niliishia darasa la nne, lakini mwishoni mwa miaka ya tisini mwenye mashine ya kuchaji betri kijiji kizima cha Mandawa nilikuwa mimi peke yangu. Redio zilizoimba pale ziliimba kwa mkono wangu. Hata mwalimu wa sayansi aliniletea betri yake. Siku moja akisubiri, alisugua mirija miwili ya peni kwenye kitambaa, akaining'iniza kwa uzi. Ikakimbiana. Akasogeza kitambaa, ikakifuata.

"Chaji za aina moja zinasukumana," akasema. "Zilizo tofauti zinavutana."

Hapo hapo nikauona ugonjwa wa kikundi chetu cha wakulima wa korosho.

Tulikuwa na bomba moja la mota la kupulizia salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho. Maua yalishatoka, ukungu wa ubwiriunga ulishaanza kuyafanya meupe, na bomba bado limelala ndani. Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alitaka lianzie shambani kwake. Mimi nilitaka lianzie kwangu, na haki ilikuwa yangu, maana nani mwingine aliweza kuliwasha? Kila kikao mimi na fundi tunakaa bega kwa bega, kila mmoja anajisifu, wenzetu wanaondoka mmoja mmoja. Tungechelewa kidogo tu, korosho za wote zingekwisha.

Kikao kilichofuata nikamtoa nyuma mwanakikundi mmoja, mama wa Kimakua, mtani wetu sisi Wamwera. Nikamkalisha katikati yangu na fundi, awe chaji tofauti.

Akatutazama mmoja mmoja. "Bwana Betri, mkeo kila jioni anakuja kuazima kibatari kwangu. Na wewe fundi, suruali ya mume wangu mguu mmoja umefika magotini. Ndio nyie mnaogombea kutangulia? Mkifa nitawazika kaburi moja, mkagombane huko."

Fundi alicheka kwanza. Nikashindwa kujizuia. Waliokuwa wamefika mlangoni wakarudi kukaa.

"Haya mtani, tuanzie wapi?" nikamuuliza.

"Kwangu. Halafu mfuate mashamba yalivyopakana, msifuate midomo."

Nani angebisha? Mtani hakasirikiwi. Alfajiri nikavuta kamba mara moja tu, bomba likaunguruma. Wengine wangevuta mpaka jua litoke. Nikalibeba mgongoni, fundi akawa anajaza salfa. Tulimaliza kwa mtani, na tulipoingia shambani kwa fundi umande ulikuwa bado haujakauka, naye anapiga kelele nyuma yangu nisilisahau tawi la juu.